Mwalimu Aliyegawa Kiingereza

Kabla hajatamka neno la Kiingereza, Mwalimu alivaa tai. Akimaliza, aliivua. Hakuwa na mchezo katika jambo hilo. Ilikuwa tai moja tu, nyekundu iliyopauka, yenye fundo ambalo nadhani halikuwahi kufunguliwa tangu lilipofungwa na mtu mwingine. Aliipitisha kichwani, akaikaza, akakohoa, na hapo ndipo Kiingereza kilipoanza. Mtu akiuliza kitu kwa Kiswahili katikati ya somo, tai ilitoka kwanza, ikatundikwa kwenye msumari, jibu likatolewa, kisha ikarudi shingoni. Kuna siku nilihesabu mara kumi na nne. Kola za mashati yake zilichakaa kwa kazi hiyo kuliko kwa jua na sabuni.

Namwita Mwalimu kwa sababu ndivyo Ilembo nzima tulivyomwita, ingawa sina hakika kama aliwahi kusimama mbele ya darasa la shule yoyote. Mimi ni katibu wa kikundi chetu cha wafuga nyuki, na yeye alitufundisha Kiingereza cha biashara kwa miaka minne ndani ya stoo yetu ya asali, mara tatu kwa wiki, saa kumi alasiri, tukiwa tumekalia ndoo zilizofunikwa. Nguo zetu zote za siku za darasa zilikuwa na nta sehemu ya kukalia.

Kiingereza cha kuamkiana hakukitaka kabisa. Hicho, alisema, ni cha watoto wa chekechea. Yeye alifundisha kile cha juu, cha watu wanaokaa mezani na chupa za maji wakapanga bei na mikataba, chenye misemo ambayo ukiifasiri neno kwa neno unaambulia patupu. Alikuwa na kitabu kimoja cha misemo hiyo, kisicho na jalada wala kurasa kumi na mbili za mwanzo. Kwa hiyo hatujui kitabu kile kilianzaje. Sisi tulianzia ukurasa wa kumi na tatu.

Stoo yetu imepakana na mashine ya kusaga. Saa kumi kamili, yaani muda ule ule wa somo, mwenye mashine aliwasha, na kuanzia hapo Mwalimu alifundisha kwa kupiga kelele na sisi tulijibu kwa kupiga kelele. Wala hatukuona ajabu. Miaka minne tulijifunza hivyo, mpaka ikawa hatuwezi kusema Kiingereza kwa sauti ya kawaida. Binti yangu aliwahi kuniuliza kwa nini nikisema "thank you" namkaripia mtu.

Sasa niseme habari ya mgawo, maana ndiyo iliyotufanya tujulikane mpaka Kabungu.

Mwanzoni alituandikia misemo kumi ubaoni, tukainakili. Somo lililofuata akatuuliza, hakuna aliyekumbuka hata mmoja. Akaandika mitano, tukasahau mitano. Wiki ya tatu akavua tai, akaketi juu ya ndoo, akatutazama mmoja mmoja kwa huruma. Kisha akasema, "Nyie watu, nyumba ya nyasi mnapoihamisha paa, nani analibeba peke yake?"

"Hakuna," tukajibu.

"Kila mtu anashika wapi?"

"Pake."

"Basi na Kiingereza tutakibeba hivyo hivyo. Kila mtu msemo wake."

Akatugawia. Alifanya kama anavyofanya mwenyekiti wa kijiji akigawa mashamba: alipima mtu, akatazama kitabu, akapima mtu tena. Mimi nilipewa "Let us get down to business", maana yake salamu sasa zinatosha, tuingie kwenye shughuli. Sikuipenda, nikajua amenisema. Mama Yustina, mwenyekiti wetu, akapewa "win-win situation", yaani pande zote mbili zifaidike. Masanja, mfanyabiashara wa mpunga ambaye hana mzinga hata mmoja ila alikuja darasani kwa tamaa ya elimu, akapewa "the bottom line", neno la mwisho lisilopungua. Fidelis, fundi pikipiki wa Kabungu, aliyekuja kwa baiskeli kwa sababu pikipiki zote alizonazo ni za wateja, akapewa "back to the drawing board", ambayo husemwa mipango ikiharibika na watu wakalazimika kuanza upya. Fidelis alinuna siku nzima. Alisema amepewa msemo wa mikosi.

Na ulipopewa msemo, ulikuwa wako. Mwenzako akitaka kuutumia aliomba ruhusa. Tulikuwa watu ishirini na sita, na misemo ishirini na sita, na sheria hiyo tuliishika kuliko katiba ya kikundi. Masanja aliwahi kumpa Mama Yustina jogoo ili amwazime msemo wake siku mbili tu, akautumie Sumbawanga. Mwanachama mmoja alipohamia Tabora, tulikaa kikao cha saa mbili kuamua msemo wake abaki nao au aurudishe. Aliurudisha, akalia kidogo. Wawili wa darasani walipooana, jambo la kwanza Masanja alilouliza harusini ni kama sasa nyumba ile itakuwa na misemo miwili au mmoja, na kama si kinyume cha haki.

Mwalimu alisuluhisha hayo yote kwa uso mkavu. Mtu mmoja tu hakuwa na msemo, naye ni yeye. Tulimuuliza wake ni upi. Akasema upo, ila muda wake haujafika.

Alikuwa mtu wa kujipinga mwenyewe. Akiwa na tai alituhubiria kwamba mfanyabiashara wa kweli hapotezi muda, haulizi habari za nyumbani, anasema lake na kuondoka. Tai ikitoka, hukuweza kumponyoka. Alisimama mlangoni na baiskeli yake, akauliza mume, watoto, mguu wa mama mkwe, yule kuku wa kishingo aliyepotea, mpaka mashine ikazimwa na mwenye mashine naye akaja kuulizwa habari zake. Alidharau simu. Fidelis aliposema siku hizi simu inaweza kutafsiri kila kitu, Mwalimu alimjibu, "Simu haina aibu. Kisicho na aibu hakiwezi kufanya biashara." Jibu hilo liliniingia akilini, ingawa wakati ule sikujua linatoka wapi.

Alipenda pia kutuonya kuhusu wateja. "Mteja akitabasamu usishangilie," alisema, "huenda jino linamuuma." Nimeuza asali miaka mingi na naweza kuthibitisha.

Lakini kilichomtambulisha Mwalimu kuliko tai ni baiskeli. Ukimuuliza neno asilolijua, kamwe hakusema hajui. Alivua tai taratibu, akatazama dirishani, akasema, "Ngoja nikaiangalie baiskeli." Akatoka. Chini ya kiti cha baiskeli ile, ndani ya mfuko wa nailoni, kulikuwa na kamusi ndogo. Alirudi baada ya dakika mbili akiwa na maana ya neno, anaitoa polepole, kana kwamba alikuwa nayo kichwani muda wote na alikwenda tu kuangalia matairi. Sote tulijua. Hakuna aliyewahi kusema. Ila Fidelis, ambaye hana adabu, siku moja ya mvua kubwa alimuuliza maneno manne mfululizo. Mwalimu alitoka mara nne, akarudi mara nne, mara ya mwisho maji yanachuruzika kwenye nyusi, akatupa maana ya neno la nne kwa Kiingereza kilichonyooka huku meno yakigongana. Nilimkasirikia Fidelis wiki nzima. Nilimpenda Mwalimu siku ile, na nilimwonea huruma pia.

Kuonekana hajaelewa ndicho kitu pekee alichokiogopa duniani. Nyoka hakumwogopa, polisi hakuwaogopa, mama mkwe wangu hakumwogopa.

Niseme kwa nini tulijisumbua na hayo yote. Asali yetu nzuri ya miombo ilikuwa inauzwa kwa mdomo wa dalali mmoja wa mjini. Mgeni akija kutoka nje, dalali alikaa katikati. Mgeni anaongea dakika kumi, dalali anatugeukia, "Anasema sawa." Mama Yustina anaongea dakika kumi, anaeleza moto ulivyounguza mizinga ya magome na ukame ulivyofukuza nyuki, dalali anamgeukia mgeni anasema neno moja, mgeni anatikisa kichwa, tumemaliza. Tulikuwa tunatoka pale hatujui tumekubali nini wala tumekataa nini. Mama Yustina, ambaye ana wajukuu tisa na hajawahi kushindwa na mtu kwa Kikonongo wala kwa Kiswahili, alisema kikaoni, "Mimi nataka kitu kimoja kabla sijafa. Nataka nikatae jambo kwa mdomo wangu mwenyewe."

Kwa hiyo kampuni moja ya ng'ambo ilipotuandikia kwamba mnunuzi wao atakuja Mpanda na angependa kukutana nasi, tulipiga kura, tukamwacha dalali nje. Tungeongea wenyewe.

Mwalimu alitupanga kwa majuma mawili. Alichora ubaoni jinsi mazungumzo yatakavyokwenda, kuanzia salamu hadi kuagana, kisha akatukalisha kwenye ndoo kwa mfuatano huo, msemo kwa msemo, kama kwaya. Mimi wa kwanza, baada ya salamu. Mama Yustina wa nne. Masanja wa ishirini na tano. Fidelis aliwekwa mwisho kabisa, na akaambiwa, "Wewe utasema mambo yakiharibika tu. Yakienda vizuri, unanyamaza." Fidelis akauliza, "Na yasipoharibika, msemo wangu nitautumia lini?" Hakujibiwa, na hapo ndipo tulipokosea.

Jumamosi kabla ya mgeni kufika, Mwalimu alikuja nyumbani kwangu peke yake. Tai ilikuwa mfukoni. Nilimpa kiti na maji, akaulizia mguu wa mama mkwe tu, jambo ambalo si la kawaida yake.

"Katibu, nina neno," akasema.

"Nakusikiliza, Mwalimu."

"Mimi sijaongea na Mzungu tangu nikiwa kijana."

Akanieleza. Alikuwa karani wa stoo kwenye kampuni ya mbao. Siku moja bosi alimwita, akaongea maneno mengi upesi upesi huku akinyoosha mkono porini. Mwalimu hakuelewa hata moja. Akasema, "Yes, sir." Bosi akaongeza mengine. "Yes, sir." Mara tatu. Kesho yake asubuhi lori likaja, likambeba yeye na godoro lake, likamwacha porini karibu na trekta bovu. Alililinda trekta lile msimu wote wa mvua, yeye na ngedere, mpaka akaanza kuwaita ngedere kwa majina.

"Mpaka leo sijui nilikubali nini," akasema. "Sasa Jumanne, mtu yule akisema kitu kigumu, mtanigeukia mimi. Wote."

Nikamwambia jambo lililoonekana kwangu rahisi. "Si unasema tu hujaelewa?"

Alinitazama kama nimemwambia avue suruali kanisani. "Katibu," akasema, "watu ishirini na sita wananiita Mwalimu. Sina cheo kingine."

Nilimsindikiza hadi barabarani, akapanda baiskeli, akaondoka bila kuulizia kuku. Nililala na wasiwasi, si wa asali bali wake.

Jumanne mnunuzi akafika. Alikuwa mama wa makamo, mfupi, mwenye viatu vya maana vya kutembelea na begi la nyaraka. Nadhani alitarajia kukutana na viongozi watatu. Alikuta watu ishirini na sita juu ya ndoo, na mtu wa ishirini na saba nyuma kabisa, amevaa tai. Alitusalimia wote kwa mkono, mmoja mmoja, na kila mmoja alimuuliza habari za safari. Tukamwonjesha asali, akafumba macho. Nikasema moyoni, hapo tumemshika.

Kwa heshima ya mgeni, mwenye mashine alikuwa amezima. Hilo hatukulifanyia mazoezi. Nikasimama, nikafungua kinywa, na "Let us get down to business" ikatoka kwa nguvu ile ile ya siku zote ndani ya chumba kilicho kimya kabisa. Mgeni akaruka kwenye kiti. Wenzangu wakaguna kwa kuridhika.

Baada ya hapo mambo yalikwenda. Kila mtu msemo wake ulipofika alisimama, akaupiga kelele, akaketi, na sisi tukaguna. Mmoja alipigiwa makofi. Mama Yustina alisema wake huku amemwelekezea mgeni kidole. Kulikuwa na wa mpira upo uwanjani kwako, yaani zamu ya kuamua ni yako. Kulikuwa na wa kufikiri nje ya sanduku, yaani tuwaze kwa njia mpya. Mgeni alitabasamu, akaitikia kwa kichwa, akaandika. Masanja akasimama na "the bottom line" yake, akataja bei, mgeni akaandika bei, akaitikia kwa kichwa tena. Mwalimu kule nyuma alikuwa ameinua uso kwa fahari. Tumemaliza, nikajiambia, na hakuna aliyemgeukia.

Sikumkumbuka Fidelis.

Mtu huyu alikuwa ameendesha baiskeli kutoka Kabungu tangu alfajiri. Alikuwa amevaa shati la harusi. Ameketi pale saa nzima akisikiliza misemo ya wenzake ikishangiliwa, na wake upo mdomoni, na sasa anaona watu wanaanza kufunga daftari. Roho ikamshinda kurudi nao nyumbani bila kuutumia. Akasimama, akautoa kwa sauti ya kuzidi mashine: "We must go back to the drawing board!"

Kwamba tumeharibu kila kitu, tuanze upya.

Rangi ilimtoka yule mama. Alifungua begi, akatoa karatasi, akaanza kuongea haraka haraka huku anapigapiga kidole kwenye aya moja, akaongea, akaongea, nasi tukamkodolea macho. Misemo yetu ishirini na sita ilikuwa imekwisha yote. Mwishowe akanyamaza, akatutazama, akauliza neno moja ambalo kila mtu alilielewa: "Agreed?"

Mmekubali?

Vichwa ishirini na sita vikageuka nyuma. Na changu kimo.

Mwalimu alisimama. Niliona midomo yake ikijipanga, nikalijua neno linalokuja. Nililiona lori, nikaliona godoro. Aliangalia dirishani, palipo baiskeli. Hakwenda. Alishika tai, akaivua, akaikunja, akaitia mfukoni, na bila tai, jambo ambalo hatukuwahi kuliona, akasema kwa Kiingereza, kwa sauti ndogo kabisa:

"Sorry. I did not understand. Please say it again, slowly."

Samahani, sijaelewa, rudia tena, polepole. Hata asiye na msemo wa kitabu angeweza kusema hivyo. Nilisikia mtu nyuma yangu akivuta pumzi, na Masanja akanong'ona, "Kumbe na yeye."

Yule mama aliweka kalamu chini. Akamtazama Mwalimu. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akatafuta leso. Alisema polepole, kwa maneno mepesi ambayo tulianza kuyashika mmoja baada ya mwingine, kwamba Kiingereza si lugha yake hata yeye. Kwao wana lugha yao. Alikuwa amekaa pale saa nzima haelewi. Mpira, uwanja, sanduku, ubao wa kuchorea. Alidhani labda tunaomba tujengewe kiwanja cha michezo. Aliona aibu kuuliza, kwa sababu tulionekana watu waliosoma sana, tena wakali, na Fidelis alipopiga kelele alidhani tumekasirika, ndiyo maana akakimbilia mkataba.

Basi tukaanza upya kweli, kama Fidelis alivyosema, na mpaka leo anajisifu. Aya ile, akaisoma taratibu, ilisema kwamba tukitia saini hatutamuuzia asali mtu mwingine yeyote kwa miaka mitano, hata hapa Mpanda. Mama Yustina akauliza kwa Kiswahili, "Hata ya posa? Hata ya harusi?" Mwalimu akauliza kwa Kiingereza chepesi. Mgeni akasoma tena, akakuna kichwa, akasema kwa maandishi haya, ndiyo, hata ya harusi.

Mama Yustina akasimama. Akajifunga kitenge vizuri. Akasema, "No."

Hakupiga kelele. Aliketi, akanitazama, na machozi yalikuwa yanamlengalenga. Mgeni akachukua kalamu, akaikata aya ile mbele ya macho yetu, tukazitia saini aya zilizobaki.

Ungedhani tulimbeba Mwalimu juu juu. Hapana, na najuta kusema hivyo. Tulimzunguka mgeni, tukapiga naye picha, tukambebesha asali. Nilipogeuka, baiskeli haikuwepo. Alhamisi hakuja darasani. Wiki iliyofuata hakuja. Nilikwenda kwake nikakuta mlango umefungwa. Jirani akasema amekwenda Karema kwa binti yake, na amemwachia mwenye mashine kitabu na chaki. Maneno ya Masanja alikuwa ameyasikia, bila shaka. Yalimfuata mpaka ziwani.

Darasa likaendelea, maana sasa lilikuwa la kwetu. Na ndipo ugomvi mkubwa kuliko wote ulipozuka. Kila mtu aliutaka ule msemo wa Mwalimu, wa kusema hajaelewa. Fidelis alitaka kubadilishana na wake. Masanja, yule yule, alikuwa ameujaribu kwa dereva wa Kirundi, kwa ofisa wa ushuru na kwa mke wake, na kila mahali ulifanya kazi. Alikuwa tayari kutoa ng'ombe. Kikao kilishindwa. Wakanituma mimi Karema nikamuulize Mwalimu mwenyewe nani aurithi.

Nilimkuta nyuma ya nyumba ya binti yake, upande wa juu ambako ziwa linaonekana lote, amevaa singlendi, anaziba pancha. Tai sikuiona popote. Alikuwa amekonda kidogo. Nikamwamkia, hakuitika. Nikamwamkia tena.

"Ongeza sauti," binti yake akasema. "Masikio yameisha. Anasema yameliwa na mashine ya kusaga."

Nikaongeza. "Shikamoo, Mwalimu!"

Akainua uso, akafurahi. "Marahaba, Katibu! Mguu wa mama mkwe?"

Nilimweleza mguu, kuku, watoto, kila kitu, na kwa kila sentensi ya pili alinikatisha akaniambia hajaelewa, nirudie. Aliniambia bila haya yoyote. Binti yake alilalamika kwamba ndivyo anavyomfanyia kila mtu, padri, muuza samaki, mpaka watoto, na sasa watu wa mtaa ule wanaongea taratibu hata wakiwa peke yao. Mwalimu alikuwa anatabasamu, na jino halikuwa linamuuma.

Nikamweleza nilichotumwa. Alipoelewa kwamba watu wanagombania msemo wake, aliweka chini ule mpira wa baiskeli.

"Masanja pia?"

"Masanja anatoa ng'ombe."

Akapangusa mikono kwenye kaptula, kisha akapangusa na macho. "Huo usimpe mtu," akasema. "Nilikosea kuushika peke yangu miaka yote ile. Huo wape wote."

Gari la kurudi Mpanda lilikuwa limeshawasha injini nilipofika barabarani. Alinisindikiza, akanifungia mlango kwa mkono wake, na hapo ndipo nilipokumbuka kwamba katika habari zote nilizompa, za mguu na za ng'ombe, lile nililokuja nalo mwenyewe moyoni sikulisema. Nikatoa kichwa dirishani, nikapiga kelele kwa sauti ya miaka minne. Nilimwambia kwamba Mama Yustina alikataa kwa mdomo wake mwenyewe. Nilimwambia ni kwa sababu yake, na kwamba hajawahi kuwa Mwalimu wetu kama siku ile alipovua tai.

Injini ilikuwa inanguruma. Aliweka kiganja nyuma ya sikio.

"Sorry," akasema. "I did not understand. Please say it again, slowly."

Dereva akapiga honi. Nikafungua mlango, nikashuka, nikamsogelea sikioni, nikarudia.